UZI MAALUMU: Larapinta Trail, Australia. Siku nyingi kwa miguu jangwani kwenye ardhi ya Waarrernte: maji, mawe, baridi na miiko

#1 Njia_ya_Kusi

Wakuu salaam. Maswali ya Larapinta yamekuwa yakiibuka vipandevipande kwenye nyuzi za Kilimanjaro na Mlima Kenya, tuyaweke hapa yakae pamoja.

Kwa asiyeijua: ni njia ya miguu katikati kabisa ya Australia, jimbo la Northern Territory. Inaanzia kwenye kituo cha zamani cha simu za telegrafu (ujumbe kwa waya) nje kidogo ya mji wa Alice Springs, ambao wenyeji wanauita Mparntwe, inafuata mgongo wa safu ya milima ya MacDonnell kuelekea magharibi, inaishia juu ya Mt Sonder, yaani Rwetyepme, mita 1,380. Urefu ni takriban kilomita 230, zimegawanywa vipande 12. Njia nzima ilikamilika 2002. Karibu yote imo ndani ya hifadhi ya Tjoritja / West MacDonnell, ambayo serikali ya jimbo inaisimamia kwa ubia na wenye ardhi.

Wenye ardhi hao ni Waarrernte, mojawapo ya jamii za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia: wa Kati upande wa Alice, wa Magharibi ukishaingia ndani. Jina la njia linatokana na jina lao la mto Finke, unaohesabiwa miongoni mwa mito mikongwe zaidi duniani. Sehemu kubwa ya mwaka mto huo ni mchanga mtupu na madimbwi machache.

Safari zenye mwongozaji zipo za siku 3, 6, 9 hadi 14 au zaidi. Ya siku 6 haitembei njia nzima. Inachagua vipande bora, gari linakuhamisha kati ya kipande na kipande, na kila siku mnatembea kilomita 12 hadi 20 hivi. Anayetaka kutoka mwanzo mpaka mwisho atafute ya wiki mbili.

Msimu ni Aprili hadi Septemba, na Mei hadi Agosti ndiyo miezi ya kuaminika. Desemba na Januari joto linapita nyuzi 40 na kivuli hakuna. Kuna watembeaji waliofariki huko kwa joto, kwa hiyo ukiona safari ya miguu ya siku nyingi inauzwa kwa Januari, iache.

Naendelea chini. Ulizeni.

#2 Binti_Marangu

Asante mkuu. Mtu aliyezoea Kilimanjaro ataiona hii ngumu au ni matembezi tu? Mita 1,380 ni chini kuliko hata lango la Marangu.

#3 Njia_ya_Kusi

Dada, urefu usikudanganye. Ugonjwa wa mwinuko huku haupo kabisa. Kinachowatoa watu njiani ni mawe, maji, na tofauti ya joto kati ya mchana na usiku.

Mawe kwanza. Migongo ya safu hii ni kwatzaiti: mwamba mgumu unaopasuka kwa kona kali, na vipande vyake havikai imara chini ya mguu. Hakuna udongo laini kama wa msituni Kili. Kipande cha 4 na cha 5, kutoka korongo jembamba la Standley Chasm hadi korongo la Hugh Gorge, karibu kila hatua unachagua jiwe la kukanyaga. Mwendo unashuka mpaka kilomita 2 kwa saa, wakati mwingine chini ya hapo. Kilomita 16 za kipande cha 5 zinakula siku nzima ya mtu mwenye nguvu, na kinachochoka mwanzo ni vifundo vya miguu na akili ya kutazama chini.

Pili, wapagazi hawapo. Mizigo mikubwa inabebwa na gari hadi kambini, lakini begi la mchana unabeba mwenyewe: maji lita 3 hadi 4, chakula cha mchana, nguo ya baridi, ya mvua, dawa zako. Hesabu kilo 7 au 8. Kwenye mazoezi beba uzito huohuo, na ushuke nao ngazi kwa wingi kuliko unavyopanda, kwa sababu magoti yanaumia kwenye kushuka. Anza wiki 8 hadi 12 kabla.

#4 FundiButi_Tanga

Niongeze kwenye viatu, maana hapa ndipo watu wa pwani yetu wanapoumia bila kujua kwa nini.

Buti nyingi za mlimani zina tabaka la sponji gumu kati ya soli ya mpira na juu ya kiatu. Tabaka hilo ni poliyurethani, na unyevunyevu wa hewa unalivunja polepole hata kama buti imekaa kabatini haijavaliwa. Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar: buti ya miaka sita au saba inaonekana mpya, lakini ndani sponji limeshakuwa kama keki kavu. Ukiipeleka kwenye kwatzaiti soli inabanduka yote kwa siku moja au mbili, na duka la karibu liko Alice Springs.

Kipimo chake: bonyeza ubavu wa sponji kwa kucha ya dole gumba, kwa nguvu. Ikibaki alama isiyorudi, au kukatoka unga, au ukaona nyufa ndogo pale kiatu kinapokunjika, buti hiyo imekwisha. Gundi haiiponyi, kwa sababu kilichokufa ni sponji lenyewe.

Buti iwe na soli ngumu, ipite kifundo cha mguu, na izidi nusu namba ya kawaida yako, maana mguu unavimba kwa joto na vidole vinasukumwa mbele ukishuka. Ivae kilomita 80 hadi 100 kabla ya safari. Chukua na utepe imara wa kufungia mabomba mita 3, uzungushie kwenye fimbo ya kutembelea. Soli ikianza kufunguka mbele, izungushie utepe hapohapo kabla haijafika katikati.

Na kabla ya kupanda ndege, osha buti na fimbo mpaka zisibaki hata chembe ya udongo: chokonoa mashimo ya soli kwa mswaki na sindano. Australia wanakagua udongo na mbegu kwa ukali sana. Kwenye fomu ya kuingilia tangaza kwamba una viatu vya porini, na utangaze kila chakula ulichobeba. Ukitangaza, kibaya zaidi ni kwamba watakiosha au wakichukue. Ukificha, ni faini, na viza yenyewe inaweza kufutwa.

#5 Mto_Mkavu

Maji. Mwongozaji atawapangia, lakini kila mtu aelewe hesabu yake.

Matangi yamewekwa njiani ili mtembeaji asikae zaidi ya siku mbili bila kufikia moja. Ni maji ya kuchemsha au kutia vidonge, msiyanywe hivihivi. Siku ya nyuzi 22 hadi 25 mtu anahitaji lita 4 za kunywa wakati wa mwendo, na juu yake ya kupikia. Pale ambapo kundi linalala juu ya mgongo wa mlima, kwa mfano Brinkley Bluff kwenye kipande cha 4, hakuna tangi hapo juu. Maji ya jioni, ya usiku na ya asubuhi yote yanapandishwa mgongoni. Kipande cha 9 nacho, karibu kilomita 29 kutoka Serpentine Chalet Dam hadi Ormiston Gorge, ni kirefu na kikavu.

Tatizo linaloanza mapema ni kwamba hewa ni kavu mno, jasho linakauka kabla hujaliona. Mtu anafika saa sita mchana hajahisi kiu kali, kumbe hajakojoa tangu asubuhi. Kunywa kwa ratiba: mafunda manne au matano kila dakika 15 hadi 20. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi umeshachelewa. Upande wa pili wake ni kunywa maji matupu lita nyingi bila chumvi. Hapo kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, na mtu anazidi kunywa akidhani ni kiu. Pakiti moja ya ORS kwa siku, na karanga za chumvi mfukoni, zinatosha kuliondoa hilo.

Madimbwi ya makorongoni yana maji baridi kweli hata mchana wa jua, kwa sababu kuta zinayafunika. Anayeruka ghafla ana jasho anaweza kukatika pumzi. Hugh Gorge baada ya mvua inabidi kuvuka ndani ya maji, wakati mwingine hadi kifuani, kwa hiyo nguo na begi la kulalia zitiwe kwenye mifuko isiyopitisha maji hata kama utabiri ni jua tupu.

#6 Mama_Safari254

Mikono yenu ibarikiwe. Usiku je? Wengine tunajua jangwa ni joto.

#7 Njia_ya_Kusi

Mama, usiku wa Juni na Julai unashuka hadi sifuri na chini yake. Mchana nyuzi 20, alfajiri maji yameganda ndani ya chupa. Begi la kulalia liwe la kustahimili nyuzi 5 chini ya sifuri, pamoja na shuka la ndani. Safari nyingi zenye mwongozaji zinatoa begi hilo na godoro la turubai la kulala nje chini ya nyota, lakini uliza kwa maandishi ni la nyuzi ngapi.

Nguo: fulana mbili za sufu au za kukauka haraka, koti la manyoya ya bandia, koti la upepo, kofia ya sufu, glovu. Mchana: shati la mikono mirefu, kofia ya ukingo mpana pande zote, losheni ya kukinga jua ya SPF 50, na wavu wa uso kwa ajili ya nzi. Pamba ibaki hotelini.

Sehemu inayohitaji nguo hizo zote kwa pamoja ni kipande cha 12. Kutoka Redbank Gorge kwenda kilele cha Rwetyepme na kurudi ni karibu kilomita 16. Makundi huanza saa nane au saa tisa usiku kwa tochi za kichwani ili jua liwakute juu, kama saa moja na robo asubuhi katikati ya baridi. Watu wanapanda wakitoka jasho, wanafika nusu saa mapema, kisha wanakaa kwenye upepo na fulana iliyolowa. Nusu saa hiyo inatosha kumtetemesha mtu vibaya. Dawa yake ni kuanza mwendo ukihisi baridi kidogo, na kubadilisha fulana palepale unapofika, kabla ya kutoa kamera.

#8 Nyika_Kijani

Nyasi nazo mzizungumze. Spinifeksi ni mafungu ya mviringo yenye ncha kama sindano. Ncha ikiingia inakatikia ndani ya ngozi, na usipoitoa inatunga usaha. Vaa vifuniko vya turubai kutoka kwenye buti hadi chini ya goti, na uwe na kibano kidogo chenye ncha kali. Zile ndogo zisizoonekana, bandika plasta ya kunata juu yake kisha uivute kwa ghafla. Ukiteleza, usijishike kwenye fungu la nyasi. Ni silika ya mwili, ndiyo maana wengi wanavaa glovu nyepesi za mtunza bustani.

Nyasi ya pili inatuhusu moja kwa moja: bafeli, *Cenchrus ciliaris*. Ni nyasi ya kwetu Afrika, ileile inayopandwa Makueni na Baringo kurudisha malisho yaliyokufa. Kule Australia ya Kati ilisambazwa kwa malisho ya ng'ombe na kuzuia vumbi, sasa ni balaa. Inaota nene kati ya mawe na kando ya mito mikavu, mahali ambapo mimea ya asili huacha nafasi wazi. Moto ukija haukutani na pengo. Unawaka kwa joto kubwa, unaua mikaratusi mikubwa ya mtoni, kisha bafeli ndiyo inayochipua ya kwanza. Januari 2019 moto mkubwa ulipita sehemu pana ya hifadhi hii. Mwaka 2024 Northern Territory iliitangaza rasmi kuwa magugu. Kwa Waarrernte hasara hiyo inagusa chakula cha porini, miti yenye habari zake, na njia za wanyama. Kwa hiyo kila asubuhi kung'uta soksi na mikunjo ya suruali kambini kabla ya kuondoka, usihamishe mbegu kutoka korongo hadi korongo. Moto wa kuni mahali pengi hauruhusiwi, na kupika ni kwa gesi.

Kivuli cha mkaratusi mkubwa kwenye mchanga wa mto kinavutia sana kulala. Msilale hapo. Miti hiyo inaangusha matawi mazito bila upepo wala dalili, na mto wenyewe unaweza kuja na maji ya mvua iliyonyesha mbali.

#9 Binti_Marangu

Upande wa utamaduni sasa. Matangazo yote yanasema "utamaduni wa Waaborijini", lakini mtu atajuaje kama ni kweli au ni maneno ya kuuzia?

#10 Wa_Mparntwe

Dada umeuliza jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko buti na begi.

Kila sehemu ya ardhi ya Waarrernte ina watu wa aina mbili wenye wajibu nayo. Kuna apmereke-artweye, wanaoipata kwa upande wa baba, na kwertengerle, wanaoishika kwa upande wa mama na kuhakikisha mambo yanafanywa sawasawa. Wa kwanza hawaamui peke yao bila wa pili. Simulizi ya mahali, wimbo wake, michoro yake, vina wenyewe kwa utaratibu huo. Mwongozaji wa kampuni, hata awe mzuri namna gani na awe amekaa miaka mingi, si mwenye simulizi. Anaweza kukueleza miamba, ndege, historia, na yale ambayo wenyewe wameruhusu yasemwe hadharani. Mwongozaji anayekumwagia kila kitu, hasa mambo ya jando au ya wanawake peke yao, mtilie shaka.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa: Je, ratiba ina muda wa kukaa na Mwarrernte mwenyewe, siku gani, saa ngapi? Analipwa na kampuni moja kwa moja? Mnalala kwenye kambi ya hifadhi au kwenye ardhi ya jamii, na kwa makubaliano na nani? Kampuni inayofanya kazi hii kwa heshima inajibu kwa sentensi mbili. Inayozunguka maneno haina jibu.

Mfano wa mahali ambapo pesa inafika: Standley Chasm, Angkerle Atwatye. Ni ardhi binafsi ya Waarrernte, nje ya mamlaka ya hifadhi, na kiingilio na mgahawa ni vyao. Saa sita mchana jua linapoingia moja kwa moja kuta zote mbili zinawaka rangi ya chungwa, na watu wanajaa. Anayelala kambini hapo anaipata alfajiri ikiwa tupu.

Miiko ya njiani:

Ochre Pits, kando ya barabara ya Namatjira, ni ukuta wa ngeu nyekundu, njano na nyeupe. Waarrernte wa Magharibi wamechimba hapo rangi za sherehe kwa vizazi na vizazi. Usiokote, usijipake, hata unga ulioanguka chini. Ni kosa la kisheria. Maeneo matakatifu ya jimbo zima yanalindwa na sheria ya 1989.

Kilele cha Rwetyepme ambacho njia inafika si ncha ya juu kabisa. Ile nyingine unaiona mbele yako, umbali wa kama mita 750. Njia imeishia ilipoishia, na wewe ishia hapo.

Simpsons Gap, Rungutjirpa, inahusishwa na mababu waliokuwa kenge wakubwa. Upande wa Alice wenyewe mababu ni viwavi, na vilima unavyoviona mjini ni miili yao na njia zao. Ukielezwa, sikiliza. Ukikuta kibao kinasema msipige picha, funika kamera.

Usimpige picha mtu bila kumwomba. Usiulize jina la marehemu wa familia, wala usilirudie ukilisikia. Usishangae mzee akinyamaza muda mrefu kabla ya kujibu, au asipokutazama machoni. Ni adabu, na kwa wengi wetu tuliolelewa na mabibi si jambo geni.

#11 Wa_Mparntwe

Jingine, maana wengi wanalipita mbio kwenye picha ya kuanzia. Kile kituo cha simu, kilichojengwa 1872, kati ya 1932 na 1942 kilikuwa taasisi iliyoitwa Bungalow. Watoto wa mama Waaborijini na baba Wazungu waliwekwa hapo kwa amri ya serikali, wengi wametengwa na mama zao. Kilomita ya kwanza ya njia inapita hapo. Mpe mwongozaji nafasi ya kulisema, na kama halisemi, muulize.

Anayetaka picha ya kununua: Albert Namatjira, 1902 hadi 1959, Mwarrernte wa Magharibi aliyezaliwa misheni ya Hermannsburg, yaani Ntaria, alichora milima hiihii kwa rangi za maji, Rwetyepme ikiwemo. Ndugu na wajukuu wanaendelea na kazi hiyo. Nunua kwenye kituo cha sanaa kinachomilikiwa na wasanii wenyewe, kama Iltja Ntjarra pale Alice Springs, na udai hati yenye jina la msanii na mahali atokako. Michoro ya nukta isiyo na jina, inayouzwa na fulana na vikombe, mara nyingi haijaguswa na mkono wa Mwaborijini.

#12 Abu_Salma_Muscat

Assalaam alaykum. Chakula halali na swala vikoje?

#13 Mto_Mkavu

Waalaykum salaam, shekhe. Fomu ya kujiandikisha ina sehemu ya chakula. Andika halali wiki tatu kabla, na uthibitishe kwa barua pepe, kwa sababu nyama inanunuliwa Alice na kugandishwa kabla ya safari. Wengine wanachagua chakula cha mboga na samaki wa kopo, kinarahisisha.

Kibla kutoka huko ni magharibi ikielekea kaskazini kidogo, kama nyuzi 288 kutoka kaskazini halisi. Maji ya matangi ni ya kunywa, wala hayatoshi kundi zima kutawadhia mara tano. Pale yanapokuwa haba, vumbi safi la kutayamamia lipo kila mahali.

#14 Mama_Safari254

Na mtu akivunjika mguu katikati? Simu zinashika?

#15 Njia_ya_Kusi

Kwa sehemu kubwa hazishiki. Juu ya baadhi ya migongo unaweza kupata mtandao wa Telstra, makorongoni hamna. Mwongozaji anatakiwa kuwa na simu ya setilaiti na kifaa cha dharura cha masafa ya 406 MHz. Omba uonyeshwe kilipo na jinsi ya kukiwasha siku ya kwanza, kwa sababu anayeumia anaweza kuwa yeye. Uliza pia waongozaji wangapi kwa kundi lenu. Kama ni mmoja tu, mtu akiumia kundi zima linasimama naye. Bima iandike wazi uokoaji kwa helikopta.

Yanayotokea zaidi ni madogo: kifundo kuteguka wakati wa kushuka, na malengelenge. Lengelenge linaanza na sehemu moja ya joto ndani ya soksi. Mwambie mwongozaji msimame hapohapo. Vua, kausha, bandika utepe laini bila mkunjo, vaa soksi kavu, dakika tano. Ukingoja mapumziko ya chakula ngozi imeshachubuka, na kesho yake unatembea upande upande, ndipo kifundo cha mguu mwingine kinapoteguka.

Usiku buti ziingie ndani au zining'inizwe juu. Dingo, yaani mbwa mwitu wa Australia, wanapenda ngozi yenye jasho na wanaondoka nayo. Chakula kifungwe kwenye ndoo ngumu ya plastiki, maana panya wanatoboa begi la kitambaa kwa usiku mmoja.

#16 Binti_Marangu

Nimeelewa wakuu. Swali la mwisho: siku 6 au siku 14 kwa mtu wa mara ya kwanza?

#17 Wa_Mparntwe

Siku 6, dada, lakini chagua ratiba yenye Brinkley Bluff, mzunguko wa Ormiston Pound (bonde lililozungukwa na milima) na Rwetyepme, na yenye nusu siku ya kukaa na wenyeji bila kutembea. Ukiona ratiba mbili zinalingana bei, moja ina kipande cha ziada cha kilomita 14 na nyingine ina asubuhi hiyo ya kukaa, chukua ya pili. Viza ya utalii ya Australia, daraja la 600, omba miezi mitatu kabla, na usilipe salio la safari kabla haijatoka. Kibali cha hifadhi cha Northern Territory na ada ya njia uliza kama vimo ndani ya bei. Kampuni nyingi zinavilipa, nyingine zinakuachia wewe.

#18 FundiButi_Tanga

Na buti, ubonyeze leo. Zikiwa zimekufa unahitaji muda wa kuzizoea mpya.